Chai ya Majani ya Kaburini

Mtasema naongopa, ila hili limetokea kwetu Muleba Desemba hii, na nusu yake ninayo kwenye simu.

Mjomba Ndyamukama alikuja kutoka Dar kula Krismasi. Viatu vyeupe kwenye matope ya Muleba, akili yake ipimie hapo. Hata salamu hajamaliza, huyo kwenye kibanja, katikati ya migomba, kwenye kaburi la babu, Tata wao. Mama amelipanda thaimu, kale kamajani kanakotambaa chini kama mkeka, maua ya zambarau. Hakapaliliwi wala hakamwagiliwi. Nyuki wanajaa hapo, wakitoka wanaingia kwenye kahawa ya babu mwenyewe.

"Agnetha, Tata amelala chini ya mboga?"

"Amelala na nyuki wake, kaka."

"Watu wa maana wanaweka vigae. Wewe umekaa kijijini mpaka macho yamekuwa ya kijijini."

"Na vigae vitanichavushia kahawa?"

"Sijaja kuongea habari za wadudu mimi."

Jumapili tukaenda kanisani, yeye akabaki, eti mgongo. Tuliporudi mama akachemsha chai. Mjomba akapiga vikombe vitatu.

"Chai tamu hii. Umeweka nini?"

"Ile mboga ya Tata."

Kikombe kikabaki hewani. "Ya kaburini?"

"Kwani nina nyingine?"

Ndipo ikabidi aseme. Wakati tunaimba kanisani, yeye alikuwa anapiga dawa ya magugu, bomba zima, ili kesho fundi wa vigae akute pasafi. Mwanaume mzima anavizia dada yake aende ibadani ndipo apigane na maua.

Mama akachukua ndoo akaenda kuyaosha yale maua, labda dawa haijaingia. Na kisima kiko chini kabisa mteremkoni.

Mjomba akanishika mkono, jasho linamtiririka. "Washa pikipiki, nipeleke hospitali. Nakufa, mwanangu."

Sasa mimi najua asichojua. Majani ya chai mama aliyachuma Ijumaa, yamekauka kwenye ungo jikoni nikiyaona. Huyu hana sumu hata tone. Nikamwangalia, nikaangalia ndoo ya pili imekaa bure mlangoni.

"Hospitali mbali, mjomba. Hiyo inatoka kwa jasho. Beba ndoo."

Akabeba. Safari ya kumi na moja, viatu vimeshakuwa rangi ya udongo, akaniuliza kama bado anakufa. Na upande wa miguuni kwa babu ulikuwa haujaoshwa. Wewe ungemwambia?