Makumbusho, Mshike Mtoto Mkono

Wazazi wenzangu, mkienda makumbusho ya utumwa hapa Cape Coast, washikeni watoto mikono. Mimi nilimwachia mkono binti yangu Araba katika chumba cha pingu, kufumba na kufumbua hayupo. Nilimtafuta roho i mkononi. Nikamkuta uani na wageni wa Jamaika wenye macho mekundu kwa kilio, anawagawia majina yetu ya siku ya kuzaliwa.

"Bibi, ulizaliwa siku gani?" akamuuliza mzee mmoja wao.

"Ijumaa, mjukuu wangu."

"Basi wewe Efua, kama mama! Mama, njoo umwone wajina wako!"

"Araba, leo nitakuchapa!"

"Usimchape, wajina," bibi akacheka, akanikumbatia. "Kwanza niambie, nyumbani mmepika nini?"

Nawaambia, washikeni. Kenkey yangu yote, madonge ya mahindi niliyopika, iliisha jioni ile, na Jumapili wanarudi.