Nyumba ya Kukabidhiwa

Simu ya Shirika iliingia wakati Mama Pasi yuko katikati ya shuka la hoteli, upande mmoja umeshanyooka na mwingine bado una makunyanzi. Aliisimamisha pasi, akajifuta mkono kwenye aproni, akapokea. Sauti ya kiume, laini kama ya mtangazaji wa matangazo ya vifo, ilimwarifu kwamba ombi lake la nyumba ya gharama nafuu limekubaliwa na kwamba atakabidhiwa Jumamosi. Mama Pasi alisema ahsante sana, akamalizia shuka, akalikunja, akaliweka juu ya mengine, ndipo akaenda chooni kulia.

Alikuwa na haki ya kulia. Yeye, mama yake na binti yake walipanga chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, kwa mwenye nyumba aliyekataza hata msumari ukutani. Sasa mwenye nyumba alikitaka chumba chake afungue duka la simu, na alikuwa ameshaanza kuleta mbao za rafu na kuzirundika mlangoni, kwa hiyo kila aliyetaka kutoka ilibidi apite ubavuubavu. Hawakuwa na pa kwenda. Kamati ya Shirika ilipowatembelea, wajumbe wake walikaa kitandani kwa sababu kiti hakikuwapo, na kukosekana kwa kiti kuliwafurahisha. Umaskini wa familia hii ulikuwa wa kipimo kinachotakiwa: haukuwa mdogo kiasi cha kuwanyima sifa, wala mkubwa kiasi cha kutia shaka kama wataweza kulipa marejesho ya kila mwezi.

Waombaji wote walitakiwa kuchangia nguvu zao kwa mikono. Mama Pasi alipangiwa kukwangua rangi ya zamani ya nyumba hiyo. Alipokwangua mlango wa jikoni alikuta bluu chini ya njano, kijani chini ya bluu, na chini kabisa rangi ya maziwa. Aliwaza kwamba hawa watu kwa rangi si wachoyo, akaendelea kukwangua.

Ijumaa walifanya mazoezi ya sherehe. Yule mwenye sauti laini alikuwa afisa wa makabidhiano, mtu wa makamo aliyeitwa Bwana Ratiba hata na wakubwa wake.

"Machozi yaanze mgeni rasmi akishashika mkasi," aliwaelekeza. "Mkianza mapema, kamera zinawakuta mmeshakauka."

"Mimi silii kwa saa, mwanangu," alisema mama yake Mama Pasi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi.

"Basi Bibi atainua mikono juu," alisema Bwana Ratiba. "Mikono nayo inapendeza kwenye picha."

Jumamosi utepe ulikatwa. Mama Pasi alipokea ufunguo wa mbao wenye urefu wa mkono mzima, na baadaye, pembeni, ule wa chuma. Machozi yake yalitoka palepale yalipotakiwa, na hayakuwa ya kuigiza. Mgeni rasmi alisema nyumba ni heshima, watu wakapiga makofi, maturubai yakakunjwa, viti vya kukodi vikapakiwa. Familia ikaingiza kitanda, jiko, sufuria na mabegi. Kitu cha kwanza alichofanya Mama Pasi ni kugonga msumari sebuleni. Alitundika gauni lake la kutokea, akarudi nyuma kulitazama, akagonga na wa pili ambao hakuwa na kitu cha kuutundikia.

Jua lilipokaribia kuzama, Bwana Ratiba alibisha hodi.

"Mama, naomba mshuke. Nyumba inaondoka."

"Inakwenda wapi?"

"Ng'ambo ya reli. Inakabidhiwa keshokutwa."

"Si nimekabidhiwa mimi leo?"

"Umekabidhiwa, hilo halina ubishi, na picha zipo. Ila kukabidhiwa ni idara yetu, kuishi ni idara nyingine. Ile idara bado haijapata mfadhili."

Nyumba ilikuwa imeshaanza kuinuka, nyuma kwanza, kama ng'ombe. Sufuria ziliteleza zikakusanyika mlango wa mbele. Jirani mmoja alitoka akasogeza pikipiki yake, na mwingine akainua kamba yake ya kuanikia nguo kwa ufagio ili paa lisiiguse. Binti alishika gauni la mama yake lisianguke.

"Bibi, twende," alisema Mama Pasi. "Wanasema tushuke."

Bibi alikuwa kitandani, amekunja miguu. "Tumepewa ufunguo mbele za watu. Nikishuka hapa, nashukia wapi? Kwenye rafu za simu?"

Mama Pasi naye akakaa. Nyumba ikatoka barabarani taratibu, ikasubiri magari yapite, ikavuka.

Keshokutwa yake nyumba hiyo alikabidhiwa fundi viatu, mkewe na watoto wao wanne. Jioni, nyumba ilipoinuka, fundi viatu alisimama chini na ufunguo wake wa mbao begani, akampungia mkono Mama Pasi aliyekuwa dirishani.

"Dada, huko ndani kuna nafasi?"

Mama Pasi alivuta kitanda ukutani. Baadaye akaja mshona mapazia na mumewe, kisha mlinzi wa benki na dada zake, kisha mwalimu wa chekechea ambaye alikuwa peke yake lakini alikuwa na vitu vingi. Wote walilipa marejesho ya kila mwezi, kila mmoja ya nyumba nzima. Katika taarifa zake Shirika lilihesabu kila sherehe kuwa nyumba moja, na kwa hesabu hiyo mji ulikuwa karibu kumaliza tatizo la makazi.

Bwana Ratiba hakuwafukuza. Aliwaomba tu kwamba siku za sherehe wakae chumba cha nyuma, wasikohoe, na kwa kuwa wako ndani tayari, wapake rangi mpya usiku wa kuamkia siku hizo. Siku moja Mama Pasi alimuuliza yeye anaishi wapi.

"Kwa shemeji yangu," alisema. "Hata mimi nilikabidhiwa, mama. Enzi hizo ilikuwa ya rangi ya maziwa."

Mtu huzoea. Binti alipotoka shule aliwauliza wauza matunda kama nyumba imepita, nao wakamwonyesha ilikoelekea. Mama Pasi alibeba sare yake ya kazi kwenye mfuko kila alipokwenda, kwa sababu hakujua jioni atakuwa upande gani wa mji. Nyumba yenyewe ilianza kuzeeka. Ilipotua ilitoa mlio kwenye msingi, na Bibi, aliyejua maumivu ya magoti, alikuwa akishuka na beseni la maji ya moto na kitambaa kuikanda pembe moja baada ya nyingine. Ilikuwa ikitulia akiikanda.

Kisha Bibi akaanza kubanwa kifua. Mama Pasi alipiga simu hospitali, gari la wagonjwa likaja mpaka mahali alipoelekeza, likakuta mashimo manne na kuku akichakura. Lilipopiga simu kuuliza, nyumba ilikuwa imeshafika upande wa pili wa mji, na dereva akasema upande ule una gari lake. Gari la upande ule likasema mgonjwa ameandikishwa upande wa kwanza.

Asubuhi ya sherehe iliyofuata Bibi hakuweza kuinuka. Mama Pasi alimvuta Bwana Ratiba pembeni.

"Baba, ahirisha. Hata nusu siku. Tumtoe mama yangu apelekwe hospitali bila watu kujaa mlangoni."

Bwana Ratiba alimtazama, akaenda nyuma ya maturubai kupiga simu. Aliongea muda mrefu na alionekana akiomba. Aliporudi hakuweza kumtazama usoni.

"Mgeni rasmi anawahi ndege," alisema. "Ni saa moja tu, mama. Wakikata tu, tunamtoa kwa mlango wa jikoni."

Basi wote wakaingia chumba cha nyuma. Fundi viatu aliwafumba watoto midomo kwa biskuti. Mshona mapazia alimpepea Bibi kwa kipande cha kadibodi. Bibi alimshika binti mkono wa kushoto na Mama Pasi wa kulia. Nje, kipaza sauti kilikuwa kikisema nyumba ni heshima. Bibi akasikiliza kidogo, akatabasamu upande mmoja wa mdomo, kama anayetaka kusema jambo la kumcheka msemaji, halafu akafa.

Mama Pasi alijikaza kisabuni. Aliuma khanga, akaweka paji la uso kwenye godoro. Lakini kilio kilitoka tu, kirefu, kikapita ukutani, kikafika uwanjani mpaka kwenye viti vya mbele.

Mgeni rasmi alinyamaza, akavua miwani.

"Mnasikia?" alisema. "Hiyo ndiyo sauti ya mtu aliyepata kwake."

Makofi yalidumu. Familia mpya, iliyokuwa imesimama na ufunguo wa mbao, nayo ikaangua kilio, wapiga picha wakakimbilia mbele, na mfadhili mmoja akaahidi papo hapo kugharimia makabidhiano ya mwaka mzima.

Jioni nyumba iliinuka kwa shida, Bibi akiwa ndani amefunikwa shuka. Haikufuata njia iliyopangiwa. Ilishuka mpaka makaburini, ikapiga magoti getini, ikakaa hivyo usiku kucha na asubuhi mpaka mazishi yakaisha. Bwana Ratiba alikuja, akashika koleo pamoja na wengine, akatupa udongo, akalia. Kisha akaandika kwamba nyumba imechelewa, na wakazi watafidia kwa kupaka rangi mara mbili.

Mama Pasi alirudi kazini, akanyoosha shuka. Nafasi ya kitanda cha Bibi waliipata wale waliokabidhiwa siku ile, mume na mke na mtoto mchanga, na yeye mwenyewe ndiye aliyewatandikia.

Sherehe iliyofuata ilikuwa uwanja wa mpira. Watu walikuwa wameshakaa, mkasi uko juu ya sinia, Bwana Ratiba alipokuja mlango wa jikoni na kuzungumza kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake.

"Mama, samahani sana. Mgeni wa leo ameona video ya mara iliyopita. Anaomba kile kilio, akishashika mkasi. Utaweza?"

Mama Pasi alimwangalia. Akauliza mkasi utashikwa saa ngapi, akaingia chumba cha nyuma, akakaa mahali kitanda cha Bibi kilipokuwa, na muda ulipofika wala hakuhitaji kujilazimisha.