Macho ya Sipriani Yana Pazia

Mwanamume mwenye akili zake akiugua humwambia mkewe. Sipriani, muuza mitumba wa Mingoyo, akaona heri afiche. Mke gani, alijiuliza, atabaki na kipofu wa miaka hamsini wakati siku hizi wanunuzi binafsi wa korosho wanapita barabarani wamejaa pesa na macho yao mazima? Hivyo ndivyo alivyofikiri, na aliona amefikiri kweli kweli.

Akimtazama mtu usoni, uso haumo. Anaona masikio, kofia, mabega, na katikati kiza. Daktari wa macho kule Lindi alimweleza taratibu: "Mzee, nyuma ya jicho kuna retina, ndiyo inayopokea picha. Seli zake zina protini inayozilinda. Kwako mlinzi huyo amepungua, kwa hiyo seli zinazeeka kabla yako." Dawa hakuwa nayo. Alimfundisha tu kutazama kwa pembeni: ukitaka kumwona mtu, elekeza macho kando yake.

Katika yote hayo Sipriani alishika neno moja, protini. Hiyo aliijua tangu darasa la nne, iko kwenye maharage na samaki. Imepungua? Basi irudishwe. Jirani yake sokoni alikuwa Mwanasha, mjane anayeuza samaki wa kukaanga, na tangu siku hiyo akapata mteja wa asubuhi na jioni. Sipriani alikula mpaka shati likanuka kikaango. Kitambi kilikuja, macho hayakurudi.

Kilichomponza zaidi ni yale mafunzo ya daktari. Mkewe Restuta aliuza naye mitumba, akikaa upande wa meza ya Mwanasha. Kila Sipriani alipotaka kumwona mkewe, ilimbidi amkodolee macho Mwanasha. Na alitaka mara nyingi, maana alimpenda Restuta. Kadiri alivyompenda ndivyo alivyozidi kuonekana mhuni. Wenzake wakatania, "Mwacheni, macho hayana pazia." Akacheka nao, bwege wa watu. Ya kwake yalikuwa nalo, tena katikati kabisa.

Jumamosi moja Restuta alikuja sokoni na nguo zake kwenye furushi. "Baba Joyce, samaki nilivumilia. Macho siwezi. Naenda kwa kaka yangu Milola, ubaki na shoga yangu umtazame mpaka umchoke."

Sipriani alishikwa na hofu. Alificha ili asiachwe, na sasa anaachwa kwa kuficha. Akasema yote: kiza, retina, mlinzi, kutazama kwa pembeni, hadi upumbavu wa samaki. Mwanasha, aliyedhani mteja wake huyo amependa viungo vya samaki wake, akajishika mdomo.

Restuta hakucheka. Alisimama mbele ya mumewe. "Nitazame usoni. Unaona nini?"

"Hereni zako. Na kilemba. Wewe sikuoni, mama Joyce."

Restuta akamvuta Mwanasha mkono, akamsimamisha kando yake. "Shoga, tulia hapo. Haya, baba Joyce, mtazame huyu."

Sipriani akamkazia macho Mwanasha. Kidogo kidogo uso wa mkewe ukajitokeza pembeni, una ukungu, lakini ni wenyewe, na ulikuwa unalia. Soko zima lilimwona akimtazama mjane wa watu mbele ya mkewe, na hakuthubutu hata kupepesa.