Kitambaa cha Lazar

Jumamosi, tarehe 24 Desemba 1994, saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, theluji ilikuwa imekoma na hapakuwa na upepo. Baridi ilikuwa nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Nilisimama mbele ya kanisa la kijiji chetu, juu ya bonde la mto Jiu, begani nimetundika mfuko wa sufu aliousuka mama yangu. Mtu wa miaka hamsini na mitatu miongoni mwa watoto waliobeba mifuko kama huo.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi msafara wetu hupita lango kwa lango ukiimba, na kila mwenye nyumba hutoa mikate ya duara yenye tundu katikati. Bendera hutangulia. Nyumba iliyofiwa mwaka huo huleta kitambaa cheupe cha marehemu, na mbeba bendera hukifunga kwenye mti wa bendera kwa mkono wake. Kabla ya fundo hilo mjane havui nguo nyeusi.

Mwaka 1958 mbeba bendera nilikuwa mimi. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka shule ya bweni, ambako, kwa amri ya serikali ya kikomunisti ya wakati ule, tulikuwa tumeapa mbele ya mwalimu mkuu kutoshiriki mambo ya kanisa. Nilikuwa pia nimemwahidi jirani yetu Saveta kwamba kitambaa cha mumewe Lazar, aliyeangukiwa na mti msituni mwezi Septemba, nitakifunga mimi. Ahadi mbili zilipogongana, nilitii ya shule. Nilijifungia chumbani nikasoma jiometri. Vijana wengine waliponiona nimeogopa, nao wakaogopa; bendera haikutoka. Saveta alisimama langoni hadi adhuhuri.

Mwaka uliofuata walimwendea na bendera. Alikataa, akasema kitambaa kile kina mtu wake wa kukifunga.

Bweni lilinifunza kutogeuka nyuma, nami kwa miaka thelathini na sita nililihesabu hilo kuwa fadhila. Lakini kila Desemba, huko mjini nilikokuwa mhandisi, niliutamani mkate wa langoni kwa Saveta kiasi cha kukosa raha. Mke wangu aliuoka mara nyingi. Ulikuwa mkate mzuri, wala haukuwa ule.

Siku hizi bendera hubebwa na binamu yangu Nistor. Nilimwomba aniachie kwa lango moja tu. Alinitazama toka viatu hadi kofia, akauliza kama wimbo bado ninaujua au aniandikie ubaoni. Kisha akanipa.

Saveta alitoka amevaa nyeusi. Hakuonyesha kushangaa.

“Umechelewa, Ilarie.”

“Nimechelewa, mama. Nimekuja kumfungia Lazar kitambaa chake.”

“Siku ile nilikuokea mkate. Nikampa ng'ombe, naye hakuringa.”

Watoto walicheka. Sikuwakemea. Alitoa kitambaa mfukoni mwa aproni, kimepigwa pasi, pindo zake zimekuwa za njano. Nilijaribu kufunga, fundo likateleza mara mbili.

“Vua glavu,” alisema. “Lazar ni mtu, si gunia.”

Nilivua. Vidole viliniuma kwa baridi, lakini fundo lilikaa. Tuliimba. Ubeti wa pili sikuufikisha mwisho, na Nistor akaumalizia bila kunitazama. Saveta alifungua kilemba chake cheusi, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni pale kilipotoka kile cheupe. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Mara ya mwisho nilipoziona zilikuwa za rangi ya njugu.

Kisha akaleta kapu. Mikate ilikuwa ingali moto, na harufu yake ilikuwa ileile, ile niliyoitafuta jikoni kwa watu wengine nusu ya maisha yangu. Alimpa kila mtoto mmoja, akampa Nistor, akafika kwangu. Nilikuwa nimekwisha kuufungua mfuko wangu. Sijui niliufungua saa ngapi.

Kapuni ulibaki mkate mmoja. Aliufunika.

“Mkate ni wa aliyekuja kuimba, mwanangu. Wewe umekuja kulipa.”

Nilifunga mfuko. Nikamuuliza kama nimelipa.

“Umelipa,” alisema, akishika komeo la lango. “Sikudai, hunidai.”