Wanawake wa Masjala

Jumanne saa tatu asubuhi, Ferista Simbeye alifika kwenye dirisha la masjala mjini Tunduma akiwa na fomu ya kuomba kumbukumbu ya kifo, barua ya mtendaji wa kijiji chake huko Itaka na nakala mbili za kitambulisho. Barabarani malori yalikuwa yamejipanga kusubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, na madereva walikuwa wakipiga mswaki pembeni ya matairi. Karani wa zamu, Wilbard, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, aliisoma fomu yote kabla ya kuinua kichwa.

"Marehemu ni nani wako?"

"Mama mzazi. Tabita. Alifariki mwaka tisini na saba, hapa hapa Tunduma, akimzaa mdogo wangu."

"Na miaka yote hii mlikuwa wapi?"

Ferista alisema walikuwa Itaka, wanalima kahawa. Shangazi aliyewalea hakutaka mama yao atajwe, na mwaka jana naye alifariki. Sasa mdogo wake, Enesi, ana mimba ya miezi saba. Kliniki wamemuuliza nini hasa kilimuua mama yake wakati wa kujifungua, naye hajui.

Wilbard alileta rejesta ya mwaka ule, jalada lake limeliwa na mende, akapitisha kidole kutoka Januari hadi Desemba. Walikuwamo wanaume waliokufa kwa malaria na ajali, watoto wa surua, na mzee mmoja aliyepigwa na radi. Mwanamke aliyefia uzazi hakuwamo hata mmoja.

"Hayumo," alisema. "Basi atakuwa ndani. Zunguka mlango wa pembeni."

Chumba cha majalada kilikuwa kirefu na chembamba, na dirisha lake la pekee lilizibwa na makabati. Katikati ya safu za mafaili walikuwa wameketi wanawake kumi na wanne, miguu wameikunja kwa kukosa nafasi, wawili wakisukana nywele. Wilbard alieleza kwamba ofisi ilipohama kutoka jengo la zamani, wao walikuja pamoja na majalada. Ni waliofia uzazi bila kuandikwa. Hawali, hawana kelele, na faili likipotea wao ndio wanaojua lilipo.

"Tabita," aliita. "Una mgeni."

Aliyeinuka alikuwa na miaka ishirini na sita, na kitenge chake kilikuwa bado kimelowa kuanzia kiunoni. Ferista alikuwa na thelathini na tatu. Alisita kidogo, hakujua nani amwamkie nani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Ferista. Kumbe meno yaliota vizuri."

Walikaa juu ya maboksi. Ferista aliuliza alichokuja kuuliza, na Tabita alijibu bila haraka. Mtoto alitoka jioni, mzima. Kondo la nyuma halikutoka, damu ikaanza. Muuguzi aliijua sindano inayotakiwa, na sindano ilikuwepo kabatini. Ufunguo wa kabati alikuwa nao mganga mfawidhi, mkuu wa kituo cha afya, naye alikuwa harusini Nanyala.

"Alirudi asubuhi," alisema Tabita. "Nilikuwa nimeshapoa."

"Mbona hakukuandika?"

"Mwaka ule vituo vilikuwa vinashindania ngao. Kituo kisichopoteza mzazi hata mmoja."

"Waliipata," alisema Wilbard.

Ferista alimgeukia akamwambia, basi mwandike leo. Wilbard alisema kifo kilichochelewa kusajiliwa kinahitaji uthibitisho wa kituo kilikotokea.

"Si mwenyewe huyu hapa, amesema?"

"Huyu ndiye mhusika, dada. Mhusika hajitolei ushahidi."

Ferista alipanda bodaboda hadi kwenye kituo hicho. Mganga mfawidhi wa sasa, kijana mpole, alimpa kiti, akafungua taarifa za zamani na kumwandikia barua yenye mhuri: mwaka 1997 hakuna mama aliyefariki kituoni hapo. Alimuuliza kama anahitaji nakala ya pili.

Saa tisa alikuwa amerudi masjala. Wilbard aliisoma barua, akaitoboa matundu mawili na kuifunga kwenye faili jipya lenye jina la Tabita. Lilikuwa faili lake la kwanza, nalo lilikuwa na karatasi moja tu, ile inayosema hakufa.

"Basi naondoka naye," alisema Ferista.

Alimshika mama yake mkono wakatembea hadi mlangoni. Kwenye kizingiti miguu ya Tabita iligoma. Ferista alivuta kwa nguvu zile zile anazobebea magunia ya kahawa, na mama yake hakusogea hata kidogo.

"Acha, mwanangu. Utaniumiza bega. Tumeshajaribu sote."

Wilbard alieleza kwamba kitu hakitoki masjala bila kusainiwa kwenye daftari, na huwezi kusainia kitoke kitu ambacho hakikupokelewa. Alisema kwa upole. Kisha akafunga ofisi, kwa kuwa muda ulikuwa umefika, na Ferista alisikia komeo likiingia huku mama yake akiwa upande wa pili.

Wiki iliyofuata alimleta Enesi. Mama na binti walikuwa na umri mmoja na paji la uso moja. Hawakuwa na habari za zamani za kupeana, kwa hiyo Tabita alimwekea mkono tumboni, akauliza amejiandikisha kujifungulia wapi. Enesi alikitaja kituo kile kile.

"Usizalie pale. Hata wakikuonyesha ufunguo, usizalie pale."

Enesi alikwenda kukaa kwa binamu yao Mbeya. Alijifungua mtoto wa kike katika hospitali kubwa, na damu ilimtoka vilevile kama mama yake. Walimchoma sindano kabla hajamaliza kuuliza kuna nini.

Ferista alirudi Tunduma kupeleka habari. Simu yenye picha ya mtoto ilizunguka mkono kwa mkono, na kila mwanamke aliitazama kwa muda aliotaka. Ilipofika mwisho wa safu, Ferista aligundua kwamba wamekuwa kumi na watano. Wa mwisho alikuwa binti wa miaka kama kumi na tisa, khanga yake inachuruzika, mkononi ameshika kadi ya kliniki ya mwaka huu.

"Huyu alikuja Ijumaa," alisema Wilbard. "Siku tuliyopokea taarifa ya mwezi ya kituo kile. Vifo vya uzazi, sifuri."

"Mimi nitakaa hapa mpaka lini?" aliuliza binti.

Mtu aligonga dirisha la mbele, na Wilbard akaenda kumhudumia. Tabita alisukuma boksi kwa mguu, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.

"Njoo huku, mdogo wangu," alisema. "Huko ulikokaa paa linavuja."