Sinema ya Kigangoni Maganzo

Euphrasia alisimama mbele ya mkutano, mtoto wake Agnetha mgongoni, karatasi tatu mkononi. Leo ndiyo leo: ama kanisa la zamani la kigango, nyuma ya soko la Maganzo, libomolewe lijengwe ghala, ama wapewe yeye na wenzake wa darasa la jioni wawaonyeshe watoto filamu humo.

Akasoma historia ya kanisa hilo. Kanisa jipya lilipokamilika, mfanyabiashara mmoja alilikodi lile dogo, akaleta projekta na jenereta. Shuka jeupe likatundikwa palipokuwa na altare. Mabenchi hayakuguswa, kwa hiyo watu wakakaa walivyozoea: wanawake kushoto, wanaume kulia. Wachimbaji wa almasi wakavua kofia mlangoni bila kuambiwa.

"Na wahuni wakajaa," Mzee Stanslaus akamkatiza. "Nyumba ya ibada ikawa kijiwe. Hilo umeliandika, Mama Agnetha?"

Watu wakacheka. Hakuwa ameliandika. Hata mama mkwe wake, Philomena, mjane wa katekista, kila alipoulizwa habari za sinema ile alisema ana kazi.

Sasa Philomena akainuka kule nyuma, akajifunga khanga upya.

"Stanslaus, wewe benchi la mbele lilikuwa lako. Nilikuona, maana nami nilikuwepo."

Akawageukia watu wote.

"Picha zilikuwa za Kihindi. Mwenye projekta akamtafuta marehemu Donatus, mume wangu, azitafsiri kwa Kisukuma, kwa ile sauti yake ya kanisani. Kihindi hakukijua hata cha kuombea maji. Alitunga tu. Jambazi akipigwa, kumbe kaiba ng'ombe wa mjane. Bibi harusi akilia, anamkumbuka mama yake aliyebaki kule Mhunze. Nasi tunalia naye. Akaja mgeni anayekijua Kihindi, akasema mnadanganywa. Mlimfukuza nani?"

"Mgeni," Mzee Stanslaus akajibu, akizuia kicheko.

"Mbona hukuniambia, mayu?" Euphrasia akamuuliza mama mkwe wake.

"Paroko alimkemea Donatus, nikaona aibu, mwanangu. Lakini uovu hakumfundisha mtu mle ndani."

Mwenyekiti Mwigulu akaomba mikono. Ya ghala ilikuwa minne. Ya sinema alianza kuihesabu, akaacha njiani; hata Mzee Stanslaus alikuwa ameinua wake, akitazama pembeni kama si wa kwake.

Euphrasia akakunja karatasi zake. Philomena akamfikia, akamfungua mbeleko.

"Nipe mjukuu wangu. Wewe kachukue ufunguo kabla hawajageuka."