Vifuniko vya Harithi

Bi Stara alipiga hodi adhuhuri moja nikiwa nafuta ubao. Sikuwa namjua. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa ndani ya kanga, amekikumbatia kama mtoto mwenye homa. Akaitikia shikamoo yangu, akauliza kama mimi ndiye Bupe, binti anayefundisha kompyuta hapa Majengo.

Ndani ya kanga mlikuwa na kompyuta ndogo ya nyumbani, ile ya kuchomeka kwenye televisheni, aina moja na yangu, pamoja na kaseti. Zilikuwa za mwanawe, Harithi, aliyezikwa mwezi uliopita. Mjomba wake alimletea kutoka Maskati, mizigo ya nje ilipoanza kuingia kwa urahisi. Siku za mwisho Harithi alimshikisha mama yake kaseti, akasema humo mna kitu alichomtengenezea, akipata nguvu atamwonyesha. Kisha umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, kompyuta ikaungua. Nguvu hakuzipata.

Arobaini ilikuwa Jumapili. Baada ya khitma vitu vya marehemu vingegawiwa, na hivyo viwili vingekwenda Dar es Salaam kwa kaka yake Harithi.

"Nataka nikione kabla havijatoka nyumbani kwangu," alisema. "Na usinizimie haraka. Macho yangu mazito."

Nilimwahidi kwamba atakiona, na kwamba sitazima mpaka aseme mwenyewe. Nilikuwa na mwaka mmoja tangu nitoke chuo kikuu, na niliamini kwamba kilichotengenezwa na mtu, mtu mwingine anaweza kukifungua.

Kompyuta yangu ilikuwa hiyo moja tu. Jumatatu mkuu wa shule moja ya Kongwa angekuja kuniona nikifundisha nayo. Akiridhika, ningehama nayo kwenda kuanzisha somo hilo shuleni kwake. Hakuwa na nyingine ya kunipa.

Nilicheza kaseti ya Harithi kwenye mashine yangu. Milio ya kuingiza programu ikaisha, kioo kikawa cheupe, mashine ikaganda. Nikarudia, ikaganda vilevile. Nikageuza zote mbili kutazama lebo za chini: toleo moja. Nikaamua kwamba kaseti imeharibika, na Alhamisi nikaenda kumwambia.

Nilimkuta mkekani akichambua mchele wa arobaini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nimejuaje kwamba mashine hizo ni sawa. Nikamwambia habari za lebo.

"Lebo hizo mimi sizisomi, mwanangu, nasoma herufi za chuo cha Kurani tu," alisema. "Lakini mashine hiyo aliifungua pamoja na ya rafiki yake, wakakaa nazo mkekani hapa kutwa nzima. Na Harithi huyo, hata vifuniko vya sufuria zangu alikuwa akivichanganya."

Nilirudi karibu nakimbia. Nilipofungua zote mbili, ukweli ulikuwa wazi: kifuniko cha mashine ya Harithi kilikuwa cha toleo jipya, lakini bodi yake ilikuwa ya zamani, nyaya zimepita kwingine kabisa, na romu ilikuwa ya toleo la kwanza. Romu ni ile chipu inayobeba mambo ambayo mashine inayajua tangu inapozaliwa, kama namna ya kuandika herufi kwenye kioo. Programu ya Harithi ilikuwa ikiingia moja kwa moja ndani ya romu, kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwao bila kugusa kigoda. Kwangu vigoda vilikuwa vimehamishwa. Ndiyo maana ilijikwaa.

Bodi yake ilikuwa imeungua, ila romu huenda ilikuwa nzima. Njia niliyoiona ni kuing'oa romu yangu na kuiweka yake. Lakini yangu ilikuwa imelehemiwa, na bodi zile nyepesi hubanduka njia zake za shaba zikipata moto. Ningekuwa na wiki kadhaa ningeipanga upya programu yenyewe. Nilikuwa na siku mbili.

Nilimwendea Ambokile, fundi redio wa jirani, kuazima vifaa vya kulehemu. Aliangalia nilichotaka kufungua, akaniuliza kama nimegombana na Kongwa. Nikamwambia hapana. Akanipa, akakaa pembeni bila kutania tena.

Njia tatu zilibanduka. Nikaziunganisha kwa waya.

Jumapili asubuhi Bi Stara alikuja kabla ya khitma, nguo zake zikinukia pilau. Nikacheza kaseti. Safari hii kioo kilitulia, kisha herufi zikaanza kutokea kutoka kulia kwenda kushoto, nukta kwa nukta. Herufi za Kiarabu, kwenye mashine isiyozijua.

Mimi sikuweza kusoma hata moja. Bi Stara aliweka kidole kwenye kioo, akaanza kukivuta taratibu, midomo ikicheza. Mahali fulani alicheka. Mbele kidogo kidole kikasimama, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaendelea. Sikumuuliza.

Ndipo nikasikia harufu. Waya mmoja ulikuwa unapata moto. Nikizima wakati ule, huenda bodi ingepona, na Jumatatu ningekuwa na kitu cha kufundishia. Mkono wangu ulifika kwenye swichi. Nilimtazama. Alikuwa amemaliza, amerudi mstari wa kwanza.

Nikarudisha mkono magotini. Uzi wa moshi ulipanda pembeni ya vitufe. Ambokile, aliyesimama mlangoni, akageuza uso.

"Basi, mwanangu," Bi Stara alisema hatimaye. "Zima."

Nikazima. Niliigusa mashine, ilikuwa moto kama sufuria iliyotoka jikoni.